Mwaka wa Kitabu Kinene

Tulimzika Mwalimu Rwiza Alhamisi, nyumbani kwake Nshamba, na mimi nilisema uongo mbele ya jeneza lake. Mwongoza ratiba aliniita kwa kipaza sauti: "Sasa tumsikie Dokta Koku, binti wa Kishanda, ambaye marehemu alimfundisha topolojia wakati hakuna mwingine mkoa huu aliyejua hata kuitamka." Nikasimama. Nikasema Mwalimu alikuwa mlezi wangu, alinipa kitabu chake kwa mikono yake miwili, na bila yeye nisingefika nilipofika. Watu walitikisa vichwa kwa kuridhika, mzee mmoja akasema "eeh, huyo ndiye Rwiza," na kwaya ikaanza wimbo. Ma Eunice, mjane wake, alikuwa ameketi mkekani. Aliinua uso akanitazama mara moja, kisha akarudi kutazama mikono yake. Yeye alijua. Nimerudi kwangu Nshambya, Bukoba mjini, na hasira ambayo nilidhani ilikwisha kitambo, na kwa kuwa pale msibani ujasiri ulinikimbia, nitasema hapa mwaka ule ulivyokuwa.

Nilikuwa na miaka ishirini na tatu. Mwaka wa pili wa chuo nilishikwa na homa ya matumbo katikati ya muhula, nikalazwa, na nilipopata nguvu za kushika kalamu wenzangu walikuwa wameshafanya mitihani. Masomo mengine ya hesabu nilihurumiwa. Topolojia sikuhurumiwa, kwa sababu mhadhiri wake alikuwa amekwenda kusoma ng'ambo na hapakuwa na wa kuirudia. Barua ya chuo ilikuwa fupi: nirudi nyumbani, nijisomee, nije kufanya mtihani mwaka unaofuata, na nikifeli nisirudi tena. "Ajisomee." Waliandika neno hilo kana kwamba wameniambia nikachote maji kisimani. Hawakuandika nisome kitabu gani, nianzie wapi wala niishie wapi. Leo mimi mwenyewe ni mhadhiri, naandika barua za namna hiyo, na nikiikumbuka ile bado natamani kuirarua.

Watu wanadhani kujisomea ni suala la bidii. Bidii nilikuwa nayo ya kumwaga. Kilichonishinda ni kujua niitumie kwenye nini. Nilikwenda maktaba ya Bukoba mjini. Rafu ya hesabu ilikuwa na vitabu vya sekondari, na nilipomuuliza mtunza maktaba kuhusu topolojia alinielekeza kwenye ramani. Nikaenda kwenye chumba cha intaneti, cha pekee nilichokijua wakati huo, nikakaa mbele ya kompyuta inayowaza kabla ya kufungua kila ukurasa. Nilipata maelezo ya mihadhara ya profesa fulani wa mbali, karatasi themanini, nikaomba yachapwe yote bila kuyapitia kwa kuwa muda wangu ulikuwa unakwisha. Nilipofika nyumbani Kishanda na kuyafungua mezani nikakuta kila alama ya hesabu imegeuka kisanduku kidogo. "Tuseme □ ni □ kiasi kwamba □ iko ndani ya □." Karatasi themanini za visanduku. Mama aliyachukua akafungia njugu mawese za kumpelekea dada yake, na nadhani hayo ndiyo matumizi bora zaidi yaliyowahi kupatikana kwayo.

Ndipo mtu akasema: nenda kwa Mwalimu Rwiza. Alikuwa mwalimu wa hesabu aliyefundisha nusu ya watu wazima wa Muleba, na sebuleni kwake alikuwa na kabati la vioo. Kwetu kabati la vioo ndilo linalomtangaza mtu. Wengine huweka vikombe vya harusi. Mwalimu aliweka vitabu, amevipanga kwa urefu, migongo ikitazama mlango ili mgeni asome majina kabla hajaketi. Juu ya kabati kulikuwa na kitambaa cheupe kilichofumwa na Ma Eunice, na chini ya kitambaa ufunguo. Wahaya tunataniwa kwa neno letu wenyewe, nshomile, yaani nimesoma, na sisi tunacheka na wanaotutania huku tukiamini kabisa kwamba ni sifa. Niliketi kwenye kiti cha mgeni, nikaletewa chai ya maziwa na viazi, nikaeleza shida yangu. Mwalimu alisikiliza akiwa amefumba macho. Kisha akafungua kabati akatoa vitabu viwili vya topolojia ambavyo mmisionari mmoja alimwachia aliporudi kwao, akaviweka mezani. Kimoja kilikuwa kinene, cha jalada gumu la bluu. Kingine kilikuwa chembamba, jalada la karatasi limepauka, na kilipofunguka chenyewe niliona picha ya duara lililochorwa kwa vidoti.

"Hiki," alisema, akiweka kiganja juu ya kile kinene, "ndicho cha mtu mzima. Sura ya tano ndiyo yenyewe. Mimi nimeisoma mara tatu."

"Na hiki kingine, Mwalimu?"

"Hicho ni cha watoto. Kina picha. Utapoteza muda, mwana wange, na chuo watakucheka." Akakirudisha kabatini, akafunga, akaweka ufunguo chini ya kitambaa.

Nitakuwa mwongo mara ya pili nikisema nililazimishwa. Moyo wangu ulifurahi. Nilitaka kile kinene. Nilikitaka hata kabla hajasema, kwa sababu nilijua nitapita nacho katikati ya Nshamba, mbele ya maduka, mbele ya wale waliosema nimefukuzwa chuo kwa mimba, na watakiona. Nilikataa mfuko aliotaka kunipa Ma Eunice. Nikakibeba kifuani, jina likiwa nje. Nilichagua kitabu kwa macho ya watu wa Nshamba, na watu wa Nshamba hawakuwa wanafanya mtihani.

Miezi mitano nilikaa sura ya kwanza. Sizidishi. Kila asubuhi baada ya kupalilia niliketi mezani karibu na dirisha, nikafungua ukurasa wa kwanza, na ukurasa ule ulianza kwa kudhani najua mambo ambayo nilikuja kwake ili niyajue. Nikafanya kile tulichofundishwa kufanya tusipoelewa: nikanakili. Nilinakili sura nzima kwenye kauntabuku, kwa wino wa bluu, maana za maneno kwa wino mwekundu. Nilipomaliza nikanakili tena. Ilipofika mara ya tatu niliweza kusema maana ya topolojia bila kutazama, kama mtoto wa kipaimara anavyosema mafundisho yake mbele ya mchungaji, na ungeniuliza mfano mmoja tu ningenyamaza. Mwili ulianza kukonda tena. Mama alipika ndizi na maharage, alipika dagaa, alipika hata kuku aliyekuwa anataga, na mimi nilikula nikiwa nimekaza macho ukutani. "Kitabu hiki kinamla mtoto wangu," alimwambia jirani, nami nikamsikia, nikaona aibu, kwa sababu kitabu kilikuwa hakinifanyi lolote. Tulikuwa tumekaa tu pamoja.

Kila nilipokwama nilikwenda Nshamba kumuuliza Mwalimu, na kila mara alinijibu kwa upole kwamba nirudie kusoma. Siku moja nilifika nikakuta ana mgeni, nikasubiri nje chini ya dirisha ambako Ma Eunice alikuwa ameanika kahawa. Nikasikia Mwalimu akisema, "Yule binti wa Kishanda anasoma topolojia kwangu. Namsimamia." Mgeni akauliza, "Topolojia ndiyo nini hasa?" Nikasikia akikoroga chai. Halafu Mwalimu akasema, "Ni hesabu za juu mno. Kwa Kiswahili hazielezeki." Mgeni akasema aisee. Nilisimama pale nikakubaliana naye! Nilirudi Kishanda nikiwa nimefarijika, nikijiambia kumbe tatizo si mimi, tatizo ni kwamba jambo lenyewe ni la juu mno. Hicho ndicho kinachoniuma kuliko uongo wake wowote. Miaka hii yote nimefundisha topolojia kwa Kiswahili pembeni ya ubao, kila darasa linapokwama, na haijawahi kukataa kuelezeka.

Desemba ilipoanza, Mwalimu alituma salamu nirudishe kitabu. Wanawe na wageni wa Dar walikuwa wanakuja Krismasi, kama ilivyo kwetu ambapo kila aliyekwenda mbali hurudi kuonekana, na katika kabati kulikuwa na pengo. Aliyeleta salamu alisema hivyo hivyo bila aibu: kuna pengo, linaonekana ukiingia. Nikapanda gari asubuhi kwenda Bukoba ili nitoe fotokopi kabla sijakirudisha. Jirani na soko kulikuwa na duka la Bi. Salma, mama wa Kiislamu mwenye miwani mikubwa, ambaye ukoo wao ulikuwa mjini tangu enzi za babu zake. Alitoa fotokopi za vyeti, hati za viwanja na mitihani ya shule zote, na alikuwa na mdomo.

"Nitolee kuanzia sura ya tano," nilimwambia. "Ndiyo yenyewe."

Bi. Salma alikifungua kitabu, akakilaza juu ya kioo, kikajifunga. Akakilaza tena, kikajifunga. Akakiinua akakinusa. Kisha akaingiza kucha kati ya kurasa, akasita.

"Cha nani hiki, binti?"

"Cha mwalimu wangu. Amekisoma mara tatu."

"Kwa macho gani?" Akanigeuzia kitabu. Katikati ya sura ya tano kurasa zilikuwa zimeshikana kwa juu, nane nzima, jinsi kiwanda kilivyozikunja kikasahau kuzikata. Ili kuzisoma ungelazimika kuchukua kisu. "Mgongo haujalegea hata kidogo, isipokuwa hapa mwanzo, na hapo ni wewe. Mimi sikai na vitabu, nakaa na migongo yao, kutwa nzima. Hiki hakijasomwa na mtu. Nisikupotezee karatasi, mwanangu. Nenda kamuulize alisoma wapi."

Wateja wawili waliokuwa nyuma yangu walicheka. Nilitoka nje nikasimama ukutani na jua la saa sita kichwani. Miezi mitano ya maisha yangu, katika kumi na miwili niliyopewa, nilikuwa nimempa mtu aliyekuwa ananielekeza kwenye nyumba ambayo mwenyewe hajawahi kuingia. Na alijua nini kinategemea mwaka ule. Nilimsomea barua ya chuo kwa sauti, sebuleni kwake, pamoja na yale maneno ya mwisho.

Nilikwenda Nshamba siku iliyofuata nikiwa nimepanga maneno. Mwalimu hakuwepo, alikuwa kwenye kikao cha usharika. Ma Eunice alinikaribisha, akanitazama uso, akaacha kuniuliza habari za nyumbani. Nikamfungulia sura ya tano. Hakuonyesha mshangao wowote. Alikichukua kitabu, akakipangusa kwa upande wa khanga yake, akaenda kwenye kabati, akainua kitambaa, akafungua. Kile kinene akakirudisha mahali pake. Kisha akatoa kile chembamba.

"Chukua, waitu," alisema, kwa neno letu la kusihiana. "Chukua kabla hajarudi."

"Ataona hakipo, Ma."

"Kinene kikiwepo haangalii kingine. Wala wageni hawaangalii." Alikisukuma mikononi mwangu karibu kwa ukali. "Hiki alikuwa anakisoma kweli. Miaka ile tumeoana. Alikuwa anakaa nacho hapo barazani mpaka chai inapoa. Halafu akaacha, akawa mkali kama nyuki, sikumuuliza."

Sikuelewa alichosema mpaka nilipofika Kishanda nikakifungua. Ukurasa wa kwanza nilielewa. Mtu ambaye hajawahi kukaa miezi mitano mbele ya ukuta hatajua sentensi hiyo ina uzito gani, kwa hiyo narudia: ukurasa wa kwanza nilielewa, na wa pili, na kwenye wa nne kulikuwa na lile duara la vidoti, na nikatoka nje kutazama kibanja chetu, shamba la migomba linalozunguka nyumba. Tulipakana na jirani kwa mstari wa mulamula, ile miti myembamba tunayopanda kuonyesha mpaka. Ukiuhesabu mpaka wenyewe kuwa ni sehemu ya shamba, anayesimama kwenye mulamula hawezi kusogea pande zote bila kuingia kwa jirani. Ukiuacha mpaka nje, popote utakaposimama ndani, hata uwe karibu nao kiasi gani, bado una nafasi ya kusogea kidogo pande zote. Hiyo ndiyo seti iliyo wazi, msingi wa topolojia yote. Ndiyo hiyo tu. Nilisimama katikati ya migomba nikasogea huku na huku kama mwendawazimu, nikalia, kisha furaha ikageuka ghadhabu palepale, kwa sababu jambo lile lingeweza kuniingia Agosti.

Na kila ukurasa ulikuwa na penseli. Mwandiko mdogo, safi, wa mwalimu. Ukurasa wa tisa: "vizuri sana." Wa kumi na tisa: "rudia." Wa ishirini na saba: "kwa nini?" Ukurasa wa thelathini na moja kulikuwa na dhana inayowatesa wengi: ukifunika eneo kwa vipande visivyo na idadi, ni lini unaweza kutupa karibu vyote ukabaki na vichache tu, na vichache hivyo vikatosha? Pembeni aliandika "sielewi," akapiga mstari chini, akapiga wa pili mpaka karatasi ikakwaruzika. Baada ya hapo kitabu kilikuwa cheupe mpaka mwisho. Nadhani ningeweza kumsamehe mtu asiyejua. Huyu alijua njia mpaka ukurasa wa thelathini na moja. Kurasa thelathini nzuri, ambazo zingenitoa nilipokwama, alizifungia kwa ufunguo ili nisikute lile neno pembeni. Angesema tu: mwana wange, anza na hiki, mimi niliishia hapa. Haingemgharimu kitu isipokuwa ile sura aliyokuwa nayo machoni pa wageni, na akaona heri mimi nipoteze chuo.

Mtihani nilifaulu, niseme kabisa. Sikufaulu kwa kishindo. Nilipita mlangoni nikiwa nimejibana, kwa sababu kazi ya miezi kumi na miwili niliifanya kwa saba. Nafasi ya kuendelea na shahada ya juu nilipomaliza chuo ikaenda kwa wenye alama nzuri, na mimi niliipata miaka sita baadaye, nikiwa nimechoka. Siku hizi wanafunzi wangu wanakuja na simu zenye vitabu mia mbili, wamevishusha bure, wananiuliza waanze na kipi. Nawaambia waanze na kile ambacho ukurasa wa kwanza wanauelewa. Wananitazama kama nimewatukana. Juzi kijana mmoja alinijibu, kwa heshima zote, kwamba angependa kitu cha kiwango chake, akataja kitabu kilekile kinene. Nilimfokea mpaka wenzangu wa ofisi ya pili wakanyamaza.

Lakini kuna jambo nimelipita kwa makusudi. Wiki chache baada ya Krismasi Mwalimu Rwiza alikuja Kishanda kwa baiskeli. Mama alimpokea kwa magoti, akamletea akamwani kwenye kikapu kidogo, zile punje za kahawa tunazomtafunisha mgeni, akatoka kwenda kukata mkungu, maana mgeni wa namna ile haondoki bila kula. Tukabaki wawili. Kitabu chembamba kilikuwa mezani, wazi, na hakukiulizia. Alitafuna kahawa yake polepole. Nilikuwa na maneno yangu yote tayari, yale niliyoyapanga Bukoba, nikawa nangoja adanganye tena ili nianze.

"Koku," alisema, "ule ukurasa wa thelathini na moja. Uliupita?"

"Niliupita."

"Ilikuchukua muda gani?"

"Siku tisa."

Aliinamisha kichwa. Alivua miwani, akaifuta kwa shati, akaivaa. "Mimi mwaka mzima. Halafu nikaacha." Alisogeza kiti karibu na meza, akatoa penseli mfukoni mwa koti. "Hebu nionyeshe. Taratibu tu. Hakuna mtu, na mama yako ndiyo kwanza anamenya."

Sijui alihitaji nini kufika pale. Leo nina umri unaokaribia ule aliokuwa nao siku ile, na sijawahi kumwambia mtu niliyemfundisha kwamba kuna kitu sikijui. Lakini wakati ule niliona penseli tu. Niliiona nikakumbuka kauntabuku tatu.

"Sina muda, Mwalimu," nikasema. "Nina mtihani."

"Ni kweli," akasema haraka, akairudisha penseli mfukoni. "Ni kweli kabisa, una mtihani." Alikula ndizi za mama, akasifu mapishi, akapanda baiskeli yake, na hakuniuliza tena mpaka Alhamisi tulipomfukia.

Siku ile ya penseli mtihani ulikuwa miezi mitano mbele. Ilikuwa Jumamosi, saa nne asubuhi, na kazi niliyokuwa nimejipangia siku hiyo ilikuwa kufua shuka.